Anga la Garissa kwa Vipande Sita

Kwenye skrini ya kompyuta, ndani ya duka dogo la kutoa kopi karibu na soko la Garissa, kaskazini-mashariki mwa Kenya, niliiona mbingu ikiwa imekatwa. Vipande sita vya mraba: vinne vimepangwa safu moja, kimoja kimekaa juu, kimoja chini, mfano wa boksi la katoni lililopasuliwa mikunjoni na kutandazwa sakafuni. Cha juu kilikuwa buluu tupu. Cha chini kilikuwa cheusi, kwa kuwa hakuna anayetafuta mbingu chini ya nyayo zake. Katika vile vinne vya kati mawingu yalianzia kipande hiki yakaishia kile, na kijana aliyekuwa akivishughulikia alivuta kingo zake kidogokidogo, akitafuta ufa. Ufa wa upana wa unywele mmoja unatosha kuharibu kila kitu, alisema, kwa sababu jicho husamehe mti mbaya lakini halisamehi mbingu iliyopasuka. Nikakumbuka jinsi Suratul-Mulk ya Qurani inavyomwita msomaji aitazame mbingu kama ina ufa, kisha arudie kuitazama. Sikudhani ningemkuta fundi wa kompyuta akiuitikia mwito huo katika kazi yake ya mchana. Akabonyeza kitufe, vipande vikajikunja, vikashikana, na ndani yake pakawa na uwanda, mgunga mmoja, na anga pande zote.

Watengenezaji wa gemu huliita boksi hilo skaiboksi, na ujanja wake ni wa kale kwa umri wa kompyuta. Gemu ya Quake II ya mwaka 1997 tayari ilikuwa imezungushiwa picha sita za namna hiyo. Mchezaji huwekwa katikati ya boksi wala haondoki katikati. Akigeuza uso, mbingu hugeuka. Akipiga hatua, mbingu hupiga hatua naye. Anaweza kukimbia kutwa nzima kuelekea wingu lililoko upeoni asilikaribie hata kwa shubiri, maana kompyuta imeagizwa kuusahau mwendo wake inapochora anga, ihesabu tu macho yameelekea wapi. Mtoto yeyote aliyesafiri jioni kutoka Mwingi kuja Garissa anaijua hali hiyo. Vilima vimekwisha, vichaka vya migunga vinarudi nyuma kwa kasi, mwezi umekaa dirishani na hauachwi. Mama, mbona unatufuata? Kilicho mbali sana hakizijui hatua zetu. Fundi wa gemu hakuubuni udanganyifu huo. Aliukuta ulimwenguni, akauhamishia ndani ya mashine.

Lakini picha ya anga ina kazi nyingine iliyo nzito kuliko kuonekana. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik walieleza namna ya kuunganisha picha kadhaa za mahali pamoja, moja ya giza, nyingine ya mwanga zaidi, mpaka ipatikane picha moja inayobeba nguvu ya mwanga wote uliokuwapo, kuanzia kivuli kilicho chini ya kichaka hadi jua lenyewe, ambalo hung'aa mara nyingi mno kuliko kivuli hicho. Mwaka uliofuata Debevec akaonyesha kwamba picha hiyo yaweza kufanywa taa: kitu cha kubuni kikiwekwa ndani yake, huangazwa na anga lile kana kwamba kiliwahi kusimama pale. Tangu hapo mpiga picha wa anga huisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akaizungusha bila kuihamisha, na kila upande akapiga picha kadhaa, za giza na za mwanga. Baadaye programu huzishona, alama za miguu ya kamera hufutwa, na picha pana inayobaki, yenye urefu mara mbili ya kimo chake, hukunjwa kuwa tufe au hukatwa vipande sita. Ukilibadilisha anga hilo, umebadilisha rangi ya mchanga, umebadilisha uso wa mama anayeuza maziwa ya ngamia, umerefusha au umefupisha kivuli cha punda wa maji. Hapo ndipo roho yangu ilipoanza kukosa utulivu. Ikiwa mwanga wote wa mahali hutoka katika anga lake, basi anayekuchorea mji wako chini ya anga la mwingine hajauchora mji wako.

Na nchi hizi za ukame zimechorwa chini ya anga la wengine kwa muda mrefu. Filamu ya Black Hawk Down ya mwaka 2001, inayosimulia vita vya Mogadishu vya 1993, ilipigwa Moroko. Waliodhani wameitazama mbingu ya Somalia walikuwa wakiitazama mbingu ya Rabat na Salé. Mwaka 2003 ikafuata gemu ya Delta Force: Black Hawk Down, na vijana wengi duniani wakajifunza sura ya ardhi ya Wasomali kupitia mtutu wa bunduki. Filamu na gemu za namna hii zina desturi ya kuyapaka majangwa rangi ya manjano, kana kwamba jua la watu maskini lina homa. Garissa nayo ilipata bahati mbaya ya kujulikana kwa siku moja. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na kwa watu wengi wa mbali jina la mji halikupata maana nyingine baada ya hapo. Siandiki haya ili kuyafunika maombolezo kwa picha nzuri. Naandika kwa sababu wale wanafunzi nao walikuwa wakitoka vyumbani asubuhi wakainua nyuso, na mahali wanapokumbukwa pana haki ya kuwa na anga lake kamili, la siku zote, si la siku ile peke yake.

Basi lipoje anga hilo? Garissa iko kusini kidogo tu ya ikweta, chini ya nusu digrii, na jambo hilo peke yake linazifanya mbingu za kuazima zisifae. Katika picha zinazopigwa Ulaya jua hupita upande wa kusini mwaka mzima na vivuli hulala kaskazini. Hapa jua ni mgeni wa pande zote mbili: mwezi wa Juni hupita kaskazini, Desemba hupita kusini, na karibu na Machi na Septemba husimama utosini hadi kivuli cha mtu kikajikusanya chini ya miguu yake. Wasanii wa gemu wanayapenda sana machweo marefu, mwanga wa dhahabu unaolala juu ya kila kitu kwa muda mrefu kama ule wa Stockholm, ambako mwezi wa Juni giza halikamiliki usiku kucha. Garissa haina subira hiyo. Jua likigusa ukingo wa vichaka, una dakika ishirini hivi, kisha usiku umeingia. Na usiku wenyewe una hazina ambayo sehemu chache za dunia zinayo. Kwa kuwa tuko katikati ya tufe, nyota zote za kaskazini na zote za kusini hupita juu yetu katika mzunguko wa mwaka. Jioni ya mwezi wa Mei, mbali kidogo na taa za mji, mtu anaweza kumwona Dubu Mkubwa upande mmoja na Msalaba wa Kusini upande wa pili, bila kuhama alipoketi. Anga moja, mbingu mbili. Sijaona gemu iliyouchukua usiku huo ikauweka jinsi ulivyo.

Siku ile dukani aliingia mzee mmoja mfugaji kutoka upande wa Balambala, amekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Akasimama nyuma ya kijana akitazama skrini, fimbo imelala mabegani.

“Adeer, hii ni mahali gani?” akauliza, kwa neno la Kisomali la kumwita ami, ambalo mkubwa na mdogo huitana kwalo.

“Si mahali, adeer. Ni anga la gemu tu.”

“Ni mwezi gani?”

Kijana akacheka kwa adabu. “Halina mwezi.”

Mzee akainama, akanyoosha kidole kwenye wingu la kipande cha tatu. “Sasa upepo wake unatoka wapi? Na mvua yake iko upande gani?”

Kijana hakuwa na jibu, na mzee hakuuliza kwa dhihaka. Alikuwa akisoma. Mbele ya macho yake palikuwa na ukurasa mpana wa maandishi yasiyosema kitu, na alitaka kujua kwa dhati kosa liko kwa msomaji au kwa mwandishi. Nimeyafikiria maswali yake tangu siku hiyo. Kwa mcheza gemu, anga ni kitu kilichowekwa nyuma ya habari ili habari isielee hewani. Kwa mfugaji wa Fafi, wa Lagdera au wa Wajir Kusini, habari yenyewe imeandikwa kule. Usiku radi ikimulika upeoni, mbali kiasi cha kutosikika ngurumo yake, wazee hukaa kimya wakipima ni upande gani na ni umbali gani, na asubuhi vijana hutumwa kwenda kuyapeleleza malisho, safari inayoitwa sahan. Kaya nzima huweza kung'oa makazi kwa sababu ya mmuliko mmoja ulioonekana ukingoni mwa dunia. Ule ukingo ambao gemu huuchora ili mchezaji asione kwamba ulimwengu umekwisha, hapa ndipo ulimwengu wa kesho unapoanzia.

Wahenga wa pwani walisema dalili ya mvua ni mawingu, nao walisema kweli kwa pwani yao. Ukiileta methali hiyo Garissa inakuwa ngumu. Njoo mwezi wa Julai, asubuhi na mapema: mawingu mazito ya kijivu yamejaa, yameshuka chini, yanakimbia kutoka kusini kwa kasi ya kutisha. Mgeni atayaanika matumaini yake. Kufikia adhuhuri yamechanika, jua limetoka, hakuna tone lililoanguka. Upepo unaoyasukuma ni mkondo mkubwa ambao mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater aliueleza mwaka 1969; hutoka Bahari ya Hindi, ukapita juu ya nyanda za mashariki ya Kenya na Somalia, ukaikata Bahari ya Arabia, na kuwapelekea watu wa India mvua zao za monsuni. Yaani unyevu mwingi hupita juu ya vichwa vya watu wenye kiu ukiwa na miadi na watu wengine. Kisha uje siku ambayo anga la Garissa ni safi, halina doa, na Mto Tana umefurika. Maji hayo yamenyesha Mlima Kenya na Aberdare, yamejaza mabwawa kutoka Masinga hadi Kiambere, yakashuka hadi kwenye mashamba ya ukingoni chini ya buluu isiyo na hatia. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipokusanyika na maji ya juu, barabara ya kwenda Nairobi ilikatika na watu wakavuka kwa mashua mahali ambapo mwaka mmoja kabla walizika mifugo. Mawingu bila maji, maji bila mawingu. Anga hili halisomeki kwa picha moja. Linataka kumbukumbu.

Na lipo jambo linaloniuma zaidi. Anga ambalo wasanii wa gemu hulitafuta kuliko yote, buluu iliyokolea na vijiwingu vyeupe vilivyotawanyika, ndilo anga la kiangazi kilichokataa kuondoka. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo, gu (masika) na deyr (vuli), bila mvua ya kutosha. Kila asubuhi ya miaka ile ilikuwa nzuri kwa macho. Picha zake zingependeza kwenye gemu yoyote. Chini yake ng'ombe walianguka, kisha kondoo, mwishowe hata ngamia, na watoto wakalala na njaa huku juu yao pametandazwa uzuri usio na kasoro. Sisemi uzuri ule ulikuwa uongo. Nasema asiyejua gharama yake hawezi kuuchora vyema, kwa sababu hatajua ni wakati gani wa kuuweka na ni nyuso za namna gani ziwe chini yake.

Ujuzi wa kulisoma anga hili umewahi kuandikwa, ijapokuwa kidogo. Muusa Galaal, mwanachuoni wa Kisomali, alichapisha Mogadishu mwaka 1968 kitabu kuhusu elimu ya wafugaji ya hali ya hewa na nyota: vituo vya mwezi, makutano yake na nyota waiitayo Dirir, hesabu ya siku za mwaka wa jua unaoanza kwa sherehe ya moto ya Dabshid. Msomaji wa pwani akikisikia habari hizo hashangai. Nasi Waswahili tunao mwaka wetu wa jua unaoanza kwa Nairuzi, unaosherehekewa Makunduchi kila Julai, uliogawanywa kwa miongo ambayo mabaharia na wakulima waliitegemea. Tunayo pia methali ya Kilimia: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamelowesha nchi, kundi hilo la nyota humezwa na mwanga wa jua. Juni huzuka alfajiri, na mvua imekwisha. Mfugaji wa bara na mvuvi wa Lamu wamekuwa wakiisoma mbingu ile ile kwa karne nyingi. Hata leo, mwishoni mwa Shaabani, watu wa Garissa hupanda juu ya paa baada ya magharibi kuutafuta mwezi mwandamo, huku simu zikilia kutoka Wajir na Mandera. Na kila siku ya Mungu ina milango mitano ya sala inayofunguliwa na anga: weupe wa alfajiri, jua kupinduka, kivuli kurefuka, jua kuzama, wekundu kutoweka. Gemu nyingi siku hizi zina saa ya usiku na mchana inayozunguka. Ningependa siku moja niione moja ambayo siku yake inagawanyika hivi, na adhana ikasikika mwanga unapobadilika.

Serikali, kwa upande wake, imeshalipima anga hili na kulithamini. Nje ya mji kuna kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kwenye hekta 85, kilichozinduliwa Desemba 2019, paneli zaidi ya 200,000 zimeinua nyuso zote kwa pamoja. Hakuna aliyeuliza wakati ule kama anga la Garissa lina thamani. Swali hilo huulizwa tu inapokuja sanaa.

Lakini sanaa ya mbingu haihitaji hekta wala mabilioni. Greg Zaal wa Afrika Kusini aliianza kazi ya kupiga anga kwa namna hii na kuzitoa picha zake bure, bila sharti lolote, kupitia HDRI Haven, ambayo baadaye ikawa Poly Haven. Kwa sababu yake, mbingu za Afrika Kusini zimeangazia magari, majumba na mashujaa wa kubuni katika kazi za watu wa nchi nyingi ambao hawatakanyaga huko. Na kuhusu uwezo, atazamwe Lual Mayen wa Sudan Kusini, aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu mpaka zikatimia dola 300 za kumnunulia kompyuta, naye akaitumia kutengeneza Salaam, gemu ya mtu anayekimbia vita kutafuta amani. Huko Dadaab, katika Ifo, Dagahaley na Hagadera, kambi za wakimbizi zilizoanza mapema miaka ya 1990, wapo vijana waliozaliwa pale na kukua pale. Kwa miaka mingi wengi wao hawakuruhusiwa kwenda mbali. Anga ni mali ya pekee waliyonayo ambayo haina uzio.

Kwa hiyo nawaambia vijana wa Garissa, wa Dadaab, wa Wajir na wa Mandera wenye simu nzuri au kamera ya kuazima: lipigeni anga lenu. Lipigeni Julai asubuhi mawingu yanapokimbia, lipigeni Machi saa sita mchana kivuli kinapopotea, lipigeni usiku wa Mei, lipigeni siku ya kwanza ya gu vumbi linapoinuka kabla ya tone la kwanza. Mkiwa karibu na daraja au kambi ya askari, ombeni ruhusa kwanza. Mkimaliza kushona picha, kabla ya kuikata vipande sita, tafuteni mzee au mama mfugaji, mkae naye, mumwonyeshe, na muyaandike majibu yake kando ya picha: ni mwezi gani, upepo unatoka wapi, mvua iko upande gani. Kisha iwekeni mtandaoni bure pamoja na maelezo hayo, kwa jina la mahali ilipopigwa.